Picha ya Jamaa Kando ya Ziwa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Shinyanga na Geita

Kaeni vizuri, fungueni vitabu vyenu, na kila mwenye kalamu aiweke karibu, maana mwishoni mwa somo tutaihitaji.

Leo tutazungumza juu ya picha ya jamaa, yaani picha ile ambayo baba, mama, watoto, babu na bibi husimama pamoja wakapigwa mara moja. Watu wengi wa sehemu zetu, wakipata nafasi wakati wa sikukuu au harusi, hupenda kwenda kupigwa picha kando ya Ziwa Victoria, maji yakiwa nyuma yao. Watu wa Geita wana ziwa mlangoni. Watu wa Shinyanga hufunga safari. Matayarisho yake sote twayajua: nguo hupigwa pasi, watoto hunyolewa, viatu hupigwa rangi, na mama hufungua sanduku akatoa kitenge ambacho hakijavaliwa.

Lakini liko tayarisho moja ambalo husahauliwa, na kwa kulisahau jamaa nyingi zimepoteza watu wao ingawa sura zao zingali ukutani. Ili tulielewe vizuri, kwanza tujifunze historia ya picha yenyewe, jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyofika kwetu.

FEDHA, ZEBAKI NA DHAHABU

Picha ya kamera ni kazi ya nuru. Mchoraji huchora kwa mkono wake, bali kamera huacha nuru ya jua ifanye kazi. Kufikia mwaka wa 1827, Mfaransa mmoja, jina lake Nicéphore Niépce, alikuwa amefaulu kupata picha ya mapaa ya nyumba yaliyoonekana dirishani kwake. Nuru iliifanya kazi hiyo kwa saa nyingi sana.

Baada yake akaja Mfaransa mwingine, Louis Daguerre. Mwaka wa 1839 maarifa yake yalitangazwa mjini Paris. Alitumia bamba la shaba lililopakwa fedha. Bamba lile lilitiwa dawa ili lishike nuru, kisha likawekwa ndani ya kamera. Lilipotolewa halikuonyesha kitu mpaka lilipofukizwa kwa mvuke wa zebaki. Ndipo sura ikatokea.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua zebaki, kwa kuwa ndiyo inayotumika kukusanya chembe za dhahabu kutoka katika mchanga. Tena yafaa kila mchimbaji ajue kuwa mvuke wake ni sumu. Wapiga picha wa kwanza waliuvuta mvuke huo huo, ukawadhuru baadhi yao.

Na dhahabu nayo ilikuwa na kazi yake. Picha za Daguerre zilikuwa dhaifu; ukizigusa kwa kidole, sura inafutika. Mwaka wa 1840 mtaalamu aitwaye Hippolyte Fizeau alionyesha njia ya kuliosha bamba kwa dawa yenye dhahabu. Sura ikapata nguvu na kudumu zaidi. Baadaye picha nyingi za karatasi nazo zilitiwa dhahabu kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Dhahabu haishiki kutu, na watu walitaka nyuso za wapenzi wao zisichakae. Kwa hiyo tangu mwanzo picha ilitengenezwa ili idumu kuliko mtu aliyepigwa.

Siku zile mpigwa picha alipata taabu. Ilimbidi akae bila kutikisika kwa muda mrefu, pengine dakika nzima au zaidi. Wengine waliwekewa chuma nyuma ya kichwa ili wasiyumbe. Hii ni sababu moja ya watu wa picha za kale kuonekana wamekunja uso.

KAMERA YAFIKA KWETU

Sasa tuitazame njia ya kamera kutoka Pwani kuja Bara. Mwaka wa 1860 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Unguja wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alikuwa na kamera, akapiga picha Unguja. Lakini safari ilipoingia Bara aliona kazi hiyo haiwezekani. Picha za zamani hizo zilisafishwa papo hapo, ndani ya hema lililofungwa lisipitishe nuru. Joto la hema pamoja na harufu ya dawa vilitishia afya yake. Akaiacha kamera, akashika kalamu na rangi, akachora kwa mkono. Mwaka wa 1861 wasafiri hao walipita Unyamwezi na Uzinza. Kwa hiyo kitabu cha Speke kilipotolewa mwaka wa 1863, wasomaji wa Ulaya waliziona nchi zetu katika michoro, si katika picha za kamera.

Mjini Unguja kamera ilikaa. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Wagoa kama A. C. Gomes walikuwa na maduka ya kupigia picha huko, na watu wenye uwezo walikwenda kwao wamevaa vizuri. Mwaka wa 1930 Ranchhod Oza alifungua duka la Capital Art Studio, ambalo lilipata kujulikana sana mjini humo.

Dar es Salaam, wakati wa utawala wa Wajerumani, alikuwako mpiga picha Walther Dobbertin. Alisafiri sehemu nyingi za nchi na kamera yake, na picha zake nyingi zimehifadhiwa Ujerumani mpaka leo. Tunamshukuru kwa kuwa tunaweza kuona nyumba, njia, masoko na mavazi ya zamani zile. Lakini jambo moja lasikitisha. Picha ya afisa wa Kijerumani mara nyingi ina jina lake. Picha ya Mwafrika mara nyingi imeandikwa tu: "askari", au "mpagazi", au "mwanamke wa kabila fulani".

Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri. Walibeba mizigo ya misafara kati ya Pwani na maziwa makuu. Katika picha nyingi za wapagazi twaona nyuso zao waziwazi, hata kovu na ushanga twaona. Wajukuu wao yumkini wanaishi Kahama, au Nzega, au Shinyanga, nao wakiiona picha hiyo hawawezi kusema, "Huyu ni babu yetu." Mwenye kamera ndiye aliyekuwa na kalamu, naye hakuuliza jina.

RELI, PAMBA NA PAZIA LA BAHARI

Je, watu wa kawaida wa Usukuma walianza lini kwenda wenyewe kupigwa picha? Kwanza ilibidi zipatikane njia na fedha. Mwaka wa 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikipita Shinyanga. Kwa reli hiyo zilikuja bidhaa, na wenye maduka, na watu wa kazi mbalimbali. Wajerumani walikuwa wameona dhahabu Geita tangu mwaka wa 1898, na katika miaka ya 1930 mgodi mkubwa ulianza kazi huko, ukafungwa mwaka wa 1966. Mwaka wa 1940 John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Na wakulima wa pamba, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, waliunganisha vyama vyao vya ushirika. Mwaka wa 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Viktoria ulianzishwa.

Mshahara wa mgodini na fedha za pamba zilimwezesha mtu kununua baiskeli, redio, cherehani, na pia kulipia picha. Akauza pamba yake, akaenda mjini na mkewe, wakaingia studio.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya picha itakiwe. Kuanzia mwaka wa 1947, chini ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, jamaa nyingi zilihama kutoka sehemu zilizojaa watu na ng'ombe, zikaenda kufungua mashamba mapya upande wa Geita. Ndugu wakaachana. Mama mkwe alibaki upande mmoja wa nchi, wajukuu wakazaliwa upande mwingine. Kwa mtu asiyejua kusoma barua, picha iliyoletwa na msafiri ilikuwa habari kamili: mtoto amezaliwa, naye ana afya njema.

Studio za miaka ile zilikuwa na desturi zao. Asiye na koti aliazimwa koti la studio. Mpiga picha aliinama nyuma ya kamera yenye miguu mitatu, akasema, "Usitikisike!" Na nyuma ya watu alitundika pazia kubwa lililochorwa maua, au ngazi ya jumba, au mnazi na bahari yenye meli. Mtu ambaye hajapata kuiona bahari maisha yake yote aliweza kusimama mbele ya bahari ya rangi, akarudi kijijini na picha yake.

Mapazia ya namna hii yalitumika mahali pengi Afrika Mashariki. Huko Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha wengi waliotoka bara walikuwa na vibanda karibu na kivuko cha Likoni. Bahari yenyewe ilikuwa hatua chache tu, lakini wateja walisimama mbele ya bahari iliyochorwa. Walitaka pahali palipopambwa kwa ajili yao. Kwa hiyo msiwacheke vijana wa leo wanaosafiri toka Shinyanga mpaka mwaloni ili wapate maji nyuma yao. Wanafuata desturi ya babu zao. Pazia tu ndilo lililobadilika.

JUA LA UFUKONI

Kabla ya kufika kwenye tayarisho letu kubwa, tujifunze jambo moja juu ya jua, kwa sababu nalo lina historia.

Picha za rangi zilipoenea baada ya vita vya pili vya dunia, filamu nyingi zilitengenezwa na kampuni ya Kodak ya Marekani. Ili mafundi wapate rangi sawasawa, walipelekewa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, fundi aliona kazi yake ni sawa. Kwa miaka mingi ngozi nyeusi haikufikiriwa katika kipimo hicho. Ndiyo maana katika picha nyingi za rangi za zamani tunaona meno na macho na shati jeupe, lakini uso wenyewe umezama gizani. Kosa halikuwa la ngozi. Kipimo kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya watu wengine. Baadaye filamu zilirekebishwa, na kamera za siku hizi ni bora zaidi.

Hata hivyo, ufukoni shida hii hurudi. Maji hung'aa, mchanga hung'aa, na mbingu hung'aa. Kamera ikiona mwanga mwingi nyuma ya watu, hupunguza nuru, na nyuso huwa nyeusi tii. Basi fanyeni hivi. Nendeni asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Saa sita mchana jua letu liko karibu utosini, nalo hutia vivuli machoni. Jua lisiwe nyuma ya wapigwa picha. Liwaangaze usoni au ubavuni. Tena msiwaingize watoto majini kwa ajili ya picha. Kichocho kiko katika maji ya kando ya ziwa, na mahali pengine wako mamba. Simameni pakavu, maji yataonekana vilevile.

PICHA NYINGI, MAJINA HAKUNA

Mwaka wa 1975 fundi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Kamera za namna hiyo baadaye zikaingia ndani ya simu. Kampuni ya Kodak yenyewe, iliyokuwa imetawala biashara ya filamu duniani, iliomba hifadhi ya mahakama mwaka wa 2012 kwa kushindwa kulipa madeni yake. Leo kijana mmoja aweza kupiga picha 200 kwa siku moja ufukoni, bila kulipia hata moja.

Lakini simu huanguka majini, huibwa, na hufa. Babu alikuwa na picha moja, akaiweka ndani ya sanduku kwa miaka 50. Mjukuu ana picha 1,000, naye aweza kuzipoteza zote kwa dakika moja. Kwa hiyo chagueni picha moja au mbili, mzipeleke studio zichapwe kwenye karatasi.

Sasa tumefika kwenye tayarisho linalosahauliwa. Ni kalamu.

Tuchukue mfano. Katika Usukuma na Unyamwezi watoto pacha huitwa Kulwa na Doto. Kulwa ndiye aliyezaliwa kwanza, na Doto akamfuata. Mtoto azaliwaye baada yao huitwa Shija. Watoto pacha wamepigwa picha wamevaa nguo za namna moja. Leo mama yao anaweza kukwambia, "Huyu wa kushoto ni Kulwa." Mama akifariki, nani atajua? Na Kulwa ni yupi, maana Kulwa wako wengi katika kila kijiji? Miaka 40 ikipita, mtu atasema, "Hawa ni watoto fulani wa zamani." Hapo wamekuwa kama wale wapagazi wa picha za Wajerumani, ila safari hii si mgeni aliyeacha kuandika majina yao. Ni sisi wenyewe.

Wazee wetu waliopigwa picha mwaka wa 1950 au 1960 wana udhuru. Wengi hawakupata shule. Mwaka wa 1968 mpango wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulianza katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na Shinyanga ilikuwamo. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walijifunza kusoma na kuandika huku wakijifunza kilimo cha pamba, ufugaji na uvuvi. Wewe unayesikiliza somo hili ni mrithi wa kazi ile. Ukiweza kuandika jina lako, waweza kuandika jina la bibi yako.

Tarehe nayo ina maana. Mwishoni mwa mwaka wa 1961 zilinyesha mvua kubwa, na kufikia mwaka wa 1964 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Fuko nyingi zilifunikwa. Mwaka wa 2020 maji yalipanda tena sana. Basi picha ya jamaa waliosimama mwaloni mwaka wa 1960, ikiwa imeandikwa mahali na mwaka, yatuonyesha ufuko ambao labda haupo tena. Isipoandikwa, yatuonyesha maji tu.

KAZI YA KUFANYA

Kila picha ya jamaa iandikwe nyuma mambo haya matano:

1. Majina ya watu wote, kuanzia kushoto kwenda kulia. Andika jina la mtu na la baba yake. Usiandike "Masanja" peke yake. Andika Masanja nani, mtoto wa nani.
2. Udugu wao: baba, shangazi, mjomba, mkwe, jirani. Usiandike "bibi" tu. Andika kama ni mzaa baba au mzaa mama.
3. Mahali: jina la mwalo au kijiji, na wilaya.
4. Siku, mwezi na mwaka.
5. Sababu ya kukusanyika: arusi, sikukuu, au kumsindikiza anayesafiri.

Tumia kalamu ya risasi, uandike polepole ukingoni. Ukikandamiza kwa kalamu ya wino, alama hutokea upande wa uso. Kwa picha zilizo ndani ya simu, andika maneno hayo hayo katika daftari la nyumbani.

Juma hili, kila mwanafunzi atafute picha moja ya zamani nyumbani kwake. Aketi na mzee wa jamaa, amwulize kwa heshima, "Babu, huyu ni nani? Na huyu mwenye kofia?" Asikilize, kisha aandike. Asingoje mpaka baada ya mavuno. Yumkini katika ukoo mzima mtu anayezijua sura hizo amebaki mmoja, naye ana miaka 85. Siku ya kumzika, watu watabeba picha yake mbele ya jeneza, lakini hakutakuwa na wa kumwuliza juu ya zile nyingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Grant aliacha kupiga picha alipoingia Bara?
2. Dhahabu ilisaidia nini katika picha za kwanza?
3. Kwa nini wapagazi wengi katika picha za zamani hawana majina?
4. Ni saa gani zinazofaa kupiga picha kando ya ziwa? Eleza sababu.
5. Katika picha uliyoipata nyumbani, umeweza kuandika majina mangapi, na mangapi yamekosekana?

Mwalimu, kusanya majibu ya swali la tano kwa wanafunzi wote, mjumlishe ubaoni. Tutaonana katika somo lijalo. Kwaherini!